Tenki la Kwanza la Usharika: Tulielewe Kuanzia Paa Hadi Ndoo



Siku ya kuzindua tenki la maji ya mvua ni siku ya furaha. Kwaya huimba, mgeni rasmi hufungua koki, maji hutoka kwa nguvu na akina mama hupiga vigelegele. Picha ya siku hiyo ndiyo inayotumwa kwa mfadhili. Somo la toleo hili linahusu siku ambazo mpiga picha hayupo, yaani zile za mwezi wa nane na wa tisa, wakati vumbi la Endamarariek limepanda hadi kwenye kope na mtoto wa darasa la nne anashika dumu asubuhi kabla hajashika daftari.

Nimesimamia miradi ya maji kwa miaka mingi sasa, na kosa langu kubwa nililifanya katika tenki la kwanza. Lilikuwa tenki la mviringo la saruji na wavu wa chuma, upana wake mita 5 na kimo chake mita 2.5, limejengwa kando ya kanisa lenye paa la bati la mita 20 kwa mita 8. Fundi alifanya kazi nzuri. Saruji haikuibwa. Tulilizindua mwishoni mwa masika, na kabla mwezi wa saba haujaisha likawa limekauka. Watu hawakusema maji yameisha. Walisema tenki limeharibika, na wengine wakanong'ona kwamba fedha zimeliwa. Baraza la wazee likaitisha kikao, nami nikaitwa.

Nilipofika nilimkuta mama mmoja mtu mzima ameketi mbele kabisa. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika, "Marahaba mwanangu. Hebu niambie kitu kimoja. Siku mliyotukabidhi ghala hili, ndani mlikuwa mmeweka magunia mangapi?"

Sikuwa na jibu. Nilijua ukubwa wa tenki, lakini sikujua kilichokuwamo. Hakuna aliyewahi kuchungulia, mimi wala mwenyekiti wa kamati wala mtunza ufunguo. Koki ilipofunguliwa maji yalitoka, basi sote tukaamini limejaa.

Tangu siku ile mafunzo yote ya kamati nayaanza kwa neno la yule mama. Kisima hujazwa na ardhi, bomba la kijiji hujazwa na chanzo kilicho mlimani, lakini tenki la mvua ni ghala. Hutoa kile tu kilichoingizwa, na kikiisha kimeisha mpaka msimu mwingine. Mkulima wa Karatu anaielewa habari ya ghala kuliko mhandisi yeyote. Anajua gunia ngapi za mahindi zimeingia, watoto wangapi wanakula, na mwezi gani mavuno yatarudi. Kwa maji tunasahau hesabu hiyo kwa sababu hatuyaoni yakiwa yamefungwa ndani ya ukuta.

Paa ndilo shamba

Wazee wa Kiiraqw walijenga nyumba zenye paa bapa la udongo. Zilikuwa nyumba imara na za joto wakati wa baridi, lakini paa la namna ile halikuwapa maji ya kunywa. Maji ya mvua ya nyumbani yalikuja na bati. Kwa hiyo somo hili bado ni changa kwetu, na si aibu kulianza mwanzo.

Kanuni ya kwanza ni rahisi na haina ubishi: milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ya paa, inaleta lita 1 ya maji. Paa lipimwe chini, kwenye kivuli chake, yaani urefu wa jengo mara upana pamoja na vichwa vya bati vinavyotokeza nje ya ukuta. Usipande juu kupima mteremko wa bati, kwa maana mvua haihesabu mteremko. Paa la mita 20 kwa 8 ni mita za mraba 160. Sehemu ya maji hupotea kwa kurukia nje, kukauka juu ya bati la moto na kumwagika kwenye gata, hivyo tunahesabu asilimia 80 tu.

Tuchukue mfano wa masika yenye milimita 350. Mara 160 ni lita 56,000, na asilimia 80 yake ni lita 44,800. Tenki letu lilikuwa na nafasi ya lita 49,000 hivi. Ungesema basi vimelingana vizuri. Sasa sikiliza kosa langu. Bajeti ilipobana, nilipunguza gata. Niliweka gata upande mmoja tu wa paa, nikijiambia kwamba upande wa pili tutamalizia mwakani. Kwa maneno mengine nilijenga ghala la ekari mbili nikalima ekari moja. Mvua ileile iliyotosha karibu kulijaza tenki ikaingiza lita 22,400, chini ya nusu, na nusu nyingine ikamwagika upande wa pili wa kanisa ikichimba msingi.

Mvua za wilaya yetu hazilingani. Ukanda wa juu kuelekea msitu wa Ngorongoro na Oldeani hupata mvua nyingi kuliko huku chini kunakoshuka kwenye bonde la Ziwa Eyasi. Kamati isichukue hesabu ya usharika mwingine ikaifanya yake. Kopo lenye kuta zilizonyooka, likiwekwa mahali pa wazi mbali na miti na kupimwa kwa rula kila asubuhi baada ya mvua, linatosha kuwapa watoto wa shule somo la hesabu na kuipa kamati takwimu zake yenyewe. Misimu mitatu ya daftari la namna hiyo ina thamani kuliko makadirio yangu ya ofisini.

Njia ya maji kutoka juu hadi ndani

Gata ndiyo sehemu ya bei ndogo inayoua miradi ya bei kubwa. Nimekagua matenki mengi yaliyosemekana hayafanyi kazi, na mara nyingi tenki lenyewe lilikuwa zima. Gata ilikuwa imelegea, imejaa majani, au imeinama upande usiotakiwa, na maji yakawa yanamwagika katikati ya ukuta.

Kipimo cha mafundi ni hiki: mdomo wa gata uwe na sentimita 1 ya mraba kwa kila mita 1 ya mraba ya paa inayoihudumia. Upande mmoja wa kanisa letu ni mita 80 za mraba, kwa hiyo gata yenye upana wa sentimita 10 na kina cha sentimita 8 inafaa. Mteremko uwe sentimita 1 kwa kila mita, kuelekea kwenye tenki. Vishikizo viwe karibu karibu, visizidi mita moja kati ya kimoja na kingine, kwa sababu gata iliyojaa maji ya mvua kubwa ni nzito sana. Mwinjilisti au mzee wa kanisa anaweza kuukagua mteremko bila fundi: amwage ndoo ya maji mwisho wa juu, kisha atazame. Maji yakisimama mahali, hapo ndipo mbu watakapozalia na kutu itakapoanzia.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi haifai kuingia tenkini. Inaosha vumbi la miezi mitano, mavi ya ndege na mijusi waliokufa. Kwa kawaida tunaacha angalau nusu lita ya kwanza kwa kila mita ya mraba ipite nje. Hapa pana jambo ambalo hata mafundi hulikosea. Wengi huweka kipande cha bomba la inchi 4 kilichosimama wima, chenye kizibo chini, ili kiyanase maji hayo machafu. Ni wazo zuri, ila bomba la inchi 4 linabeba lita 8 hivi kwa kila mita ya urefu wake. Kwa nyumba yenye paa la mita 40 za mraba unahitaji kunasa lita 20, ambazo ni mita mbili na nusu za bomba. Hilo linawezekana. Kwa paa la kanisa la mita 160 unahitaji kunasa lita 80, yaani mita 10 za bomba! Kipande cha mita moja kilichofungwa pale ni pambo. Kwa majengo makubwa tumia pipa la lita 200, au njia ya zamani kabisa: bomba linaloshuka lifungwe kwa namna ya kuweza kugeuzwa kwa mkono, na mtu aliyepangiwa aligeuze nje mvua inapoanza, kisha alirudishe maji yakionekana safi. Njia hii haihitaji fedha. Inahitaji jina la mtu kwenye orodha, na jina la pili kwa siku ambayo wa kwanza amekwenda mnadani.

Mdomoni mwa tenki pawe na wavu wenye matundu madogo yasiyopitisha mbu. Tusidharau jambo hili. Mbu anayeeneza homa ya dengi hupenda kuzalia kwenye maji yaliyohifadhiwa, na Dar es Salaam ilipata milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na mwaka 2019. Mfuniko uzibe vizuri na ufungwe kwa kufuli, kwa sababu ya watoto. Ndani pawe giza, kwani mwanga ndio unaootesha ule utando wa kijani.

Bomba la kutolea maji yaliyozidi lisiwe jembamba kuliko lile linaloingiza. Likiwa jembamba, siku ya mvua kubwa maji yatafurika juu ya mfuniko na kushuka ukutani. Na maji hayo ya ziada yaelekezwe mahali. Karatu tuna makorongo ya kutosha tayari. Sijui kwa nini tenki la kanisa liongeze jingine. Shimo la migomba au mstari wa miti utayapokea kwa shukrani.

Chini kabisa kuna mabomba mawili ambayo watu huyachanganya. La kusafishia liko usawa wa sakafu, na hufunguliwa siku ya kuosha tenki tu. Koki ya kutekea hukaa sentimita 10 au zaidi juu ya sakafu ili matope yaliyotuama yasitoke na maji. Maana yake ni kwamba sentimita 10 za mwisho hazihesabiwi kama chakula cha ghala. Nazo zina kazi yake, kama tutakavyoona.

Kijiti cha kupimia

Sasa nifike kwenye kitu ambacho ningekiweka kabla ya saruji kama ningeanza upya. Ni kijiti kirefu kilichonyooka, au bomba jembamba la plastiki, kilichowekwa alama za sentimita, ambacho hakitumiki kwa kazi nyingine yoyote na hutunzwa mahali pasafi. Kinaingizwa tenkini kila Jumamosi na namba inaandikwa. Wenye uwezo wanaweza kufunga nje ya tenki mpira mwembamba unaoonesha kimo cha maji kilichomo ndani. Kazi ni ileile.

Tenki letu lenye upana wa mita 5 lina nusu upana wa mita 2.5. Chukua 2.5 mara 2.5 mara 3.14, unapata mita za mraba 19.6. Kwa hiyo kila sentimita 1 ya kijiti ni lita 196, ambazo ni karibu sawa na madumu 10 ya lita 20. Wanakamati wetu hawakuhitaji hesabu nyingine zaidi ya hii: sentimita moja, madumu kumi. Kwa tenki jingine hesabu itakuwa tofauti, ila ikishapatikana iandikwe kwa rangi ukutani, pale koki ilipo, ili kila mtu aione.

Kiangazi chetu, tukikihesabu kuanzia Juni 1 hadi Oktoba 31, ni siku 153, yaani kama wiki 22. Tenki likiwa limejaa mita 2.5, na tukiacha zile sentimita 10 za chini, tunabaki na sentimita 240 za kugawa. Gawanya kwa 22: karibu sentimita 11 kwa wiki, sawa na madumu 15 hivi kwa siku. Hiyo ndiyo sheria ya tenki lililojaa. Lakini sisi tulianza na lita 22,400, yaani sentimita 114. Tukitoa 10, zinabaki 104, ambazo kwa wiki 22 zingeruhusu sentimita 5 tu kwa wiki, madumu 7 kwa siku. Watu walikuwa wakichota madumu 20. Chukua hesabu hiyo mwenyewe na utaona kwamba siku 51 zilitosha kulimaliza. Hakuna fedha iliyoliwa na hakuna ufa uliokuwapo. Palikuwa na ujinga wa hesabu tu, na ulianzia kwenye meza yangu.

Kijiti hufichua na mengine. Kama daftari linaonesha kwamba wiki hii yametolewa madumu 70 lakini maji yameshuka sentimita 9 badala ya 7, basi madumu 20 yamekwenda mahali. Huenda koki inavuja, huenda mtu ana ufunguo wa pili. Koki inayovuja hudharauliwa kwa sababu huvuja polepole. Weka chini yake kikombe cha robo lita. Kikijaa kwa saa moja, unapoteza lita 6 kwa siku, na kwa kiangazi kizima lita 918. Hayo ni madumu 45, kwa ajili ya kipande cha mpira ndani ya koki ambacho bei yake hata haifai kuandikwa kwenye bajeti.

Jambo jingine: maji yakipungua, hutoka kwenye koki kwa unyonge. Nimeona watu wakiita fundi kuzibua koki ambayo haikuziba. Msukumo wa maji unatokana na kimo chake tu, na kimo kikishuka koki nayo hudhoofika.

Ghala la Kenya lililoliwa na mchwa

Wako wafadhili wanaotuuliza kwa nini tunang'ang'ania wavu wa chuma wakati vijijini kuna fito na matete ya bure. Jibu liko kwa jirani zetu. Katika miaka ya 1970 na 1980 nchini Kenya yalijengwa matenki mengi kwa kufuata umbo la kikapu kikubwa cha kuhifadhia nafaka, na yaliitwa kwa jina hilohilo la ghala. Kikapu kilisukwa kwa fito, kisha kikapigwa lipu ya saruji. Yalikuwa ya bei nafuu, yalitumia ufundi ambao wanakijiji walikuwa nao tayari, na yalipendeza sana kwenye ripoti. Baada ya miaka michache mchwa na ukungu wakaula ule mfumo wa miti uliokuwa ndani ya saruji, na mengi yakapasuka. Fundi hakuwa mzembe. Kitu kilichobeba uzito wa maji ndicho kilichokuwa chakula cha mchwa.

Maji ni mazito. Lita 1,000 ni tani moja. Hata simtenki la lita 5,000 la nyumbani, likijaa, lina tani tano, kwa hiyo liwekwe juu ya jukwaa tambarare lililo pana kuliko kitako chake, si juu ya mawe matatu kama chungu.

Tenki la saruji nalo lina masharti yake. Baada ya kupigwa lipu lifunikwe na kumwagiliwa maji kwa wiki kadhaa, maana saruji inayokauka haraka hupasuka. Maji ya kwanza yatakuwa na ladha ya saruji, basi yatumike kwa kufulia au kumwagilia, siyo kunywa. Na lisiachwe likauke kabisa. Zile sentimita 10 za chini ndizo zinazoutunza ukuta. Tenki letu lilipokaa tupu juani tangu mwezi wa saba hadi vuli, lilipata nyufa, na maji ya Novemba tuliyoyangojea kwa hamu yakaanza kutoka pembeni. Kwa hiyo uvumi wa kwamba tenki limeharibika ulikuja kuwa kweli, ila baadaye, na kwa sababu ya ukame wa ndani yake.

Atakayeingia kuosha tenki asiingie peke yake. Hewa ndani huwa chache. Mfuniko uachwe wazi kwa muda, mtu wa pili akae juu akizungumza naye, na injini ya pampu ya petroli isiingizwe humo hata kwa dakika moja.

Maji haya ni ya nani kwanza?

Mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara inajulikana kwa floraidi katika maji yanayotoka ardhini, kwa sababu ya miamba na udongo wa volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya mtoto hutoka na madoa ya kahawia, na kiasi kikubwa kwa miaka mingi huathiri hata mifupa. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani, floraidi hubaki na kukolea. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanya kazi ya kuiondoa kwa mkaa wa mifupa. Maji ya mvua, kwa upande wake, hayajagusa mwamba, na kwa kweli hayana shida hiyo.

Meno ya kudumu hujengeka ndani ya ufizi tangu utotoni hadi umri wa miaka 8 hivi. Ndiyo maana mimi, kama ningeulizwa, ningeandika juu ya koki ya kila tenki: haya ni ya kunywa na kupikia, watoto wadogo kwanza. Ya kufua na kunyweshea ng'ombe yatoke kwingine. Tazama hesabu ya nyumbani. Familia ya watu 6 yenye simtenki la lita 5,000 lililojaa, ikitumia lita 20 kwa kila mtu kwa kazi zote, itamaliza tenki kwa siku 41. Familia hiyohiyo ikilitumia kwa kunywa na kupikia tu, lita 5 kwa kila mtu, itafika siku 166, na kiangazi ni siku 153. Tenki ni lilelile. (Na akina mama wanaopikia maharage kwa magadi wajue kwamba magadi nayo hubeba floraidi nyingi. Haitusaidii kuvuna maji safi kisha tukairudishia sufuriani.)

Hata hivyo, kukosa floraidi si sawa na kukosa vijidudu. Ndege hawajui kwamba hilo ni paa la kanisa. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na ndoo ya kutekea isiwe ile ya kuogea.

Kwa marafiki wanaotuchangia

Tangu Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, uanzishwe mwaka 2019, bomba la kijiji lina chombo chake cha watoa huduma ngazi ya jamii, chenye ada na fundi wake. Tenki la usharika halina mlezi wa namna hiyo. Likivunjika koki, hakuna wa kupigiwa simu isipokuwa kamati. Kwa hiyo mnapoona katika maombi yetu mstari wa gata za pande zote mbili, mstari wa wavu, na mstari wa siku mbili za mafunzo ya kusoma kijiti, tafadhali msiikate hiyo mkabakiza saruji. Mimi nilishaikata kwa niaba yenu mara moja. Afadhali tenki dogo lenye gata kamili kuliko tenki kubwa la kupigia picha.

Tenki lile la kwanza tulilirekebisha. Nyufa zilipigwa lipu upya kutoka ndani, upande wa pili wa paa ukapata gata, na yule mama aliyeniuliza habari za magunia akachaguliwa kutunza daftari. Hajui kusoma sana, lakini mjukuu wake humwandikia namba, na yeye ndiye anayeshika kijiti.

Kazi ya kila kamati kabla ya vuli ni hii. Pimeni kivuli cha paa lenu na upana wa tenki lenu, mtafute sentimita moja ni madumu mangapi, na mwiandike ukutani. Mwageni ndoo ya maji kwenye gata mtazame inakokwenda. Wekeni kikombe chini ya koki kwa saa moja. Kisha jadilini kwa uwazi: mtenki ukibaki na sentimita 40 mwezi wa tisa, nani atapewa na nani ataambiwa asubiri, na je, nyumba ya mchungaji imo kwenye hesabu hiyo? Majibu yaletwe kwa maandishi kwenye mkutano wa jimbo, pamoja na vile vijiti.